Pango, nyota, shada au minyororo: utengeneze nini na watoto Krismasi hii ukiwa Tabora

Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, mvua inashuka mchana mzima na kila mzazi hapa Tabora anatafuta kitu cha kuwashikisha ambacho sio simu wala katuni. Mi kila mwaka nawapa mapambo ya Krismasi watengeneze wenyewe, ila mapambo yako ya aina nyingi na hayafanani kabisa, kuna yanayokula hela, kuna yanayokula muda, alafu kuna yale yanayopendeza kwenye stetasi ya WhatsApp lakini mtoto hajagusa chochote zaidi ya kukushikia selotepu. Kwahiyo nayapambanisha hapa kwa kuangalia hela, muda na umri wa mtoto, na juu ya vyote hivyo naangalia mtoto atakuwa anaongea nini wakati mikono yake iko kazini. Hiki cha mwisho ndo nakipa uzito mkubwa kwasababu watoto wetu wanaimba nyimbo za Krismasi za kwenye TV kutwa nzima kwa Kiingereza, ukimuuliza hori ni nini anakutolea macho, mamajusi ndo kabisa anadhani ni jina la kabila. Na maneno haya hata umkaririshe vipi hayakai, yanakaa akiwa ameshika kitu.

Pango la udongo

Naanza na hili maana ndo ninaloliamini zaidi. Mwaka 1223 Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliandaa pango la kuonyesha kuzaliwa kwa Yesu pale Greccio, Italia, kukawa na nyasi kavu na ng'ombe na punda wa kweli, watu wakaja usiku kuona, na toka hapo Wakatoliki wa nchi nyingi wanaweka pango kanisani na majumbani. Sanamu za plasta za dukani zipo na ni nzuri, ila bei yake sio ya kila mtu na ukishazinunua mtoto anaambiwa usiguse utavunja. Udongo sisi tunao. Kuna wa kichuguu, ule ule wa kufyatulia tofali, na kuna udongo mweusi wa mbugani. Kama una uchaguzi chukua wa kichuguu kwasababu wa mbugani unajivuta sana ukikauka na kupasuka, ukilazimika kuutumia uchanganye na mchanga laini kidogo au nyasi kavu zilizokatwakatwa.

Udongo unautwanga, unauchekecha kutoa mizizi na vijiwe, unauloweka usiku kucha, kesho yake mnaukanda wote mpaka uache kunata mkononi. Hapa hata mtoto wa miaka mitatu ana kazi, kukanda, na hamna mtoto anayekataa kazi hiyo. Sanamu ziwe za urefu wa kiganja tu. Ikizidi unene wa vidole viwili piga tundu kwa kijiti kutokea chini ili ndani nako kukauke, la sivyo inakauka nje inabaki mbichi katikati alafu inapasuka. Na kausheni kivulini taratibu, usidanganyike na jua la saa nane likitoka kati ya mvua mbili, ukianika hapo mgongo wa ng'ombe unafunguka mstari mrefu toka shingoni mpaka mkiani.

Kitu kimoja cha kuwaelekeza watoto mapema ni kuhusu miguu. Kila mtoto anataka ng'ombe aliyesimama, anamwekea miguu minne myembamba, ng'ombe anasimama vizuri akiwa mbichi na siku ya pili mguu mmoja unakatika na mtoto analia. Mwambie amtengeneze ng'ombe amelala, miguu imekunjwa chini ya tumbo, kichwa kimegeukia kwenye hori. Pembe na masikio usiyabandike tu juu juu, kwaruza kwanza pale yanapokaa, paka tope la majimaji, alafu bandika na ulainishe maungio kwa kidole. Hivyo hayadondoki. Rangi zake ziko nyumbani, chokaa kwa nyeupe, mkaa uliosagwa kwa nyeusi, na udongo mwekundu.

Sasa kwenye maneno ndo pango linaviacha vingine vyote mbali. Hori lazima mtoto aulize ni nini maana anatakiwa alitengeneze, na ukishamwambia ni lile la kulishia ng'ombe anaanza kukubishia likae chini au likae juu ya mawe. Zizi anataka kujua lina mlango. Mchungaji hapa ni wa kondoo sio yule wa kanisani, na hilo peke yake ni mazungumzo ya jioni nzima. Nguo za kitoto mnakata kwenye kipande cha khanga iliyochakaa mnamfunga mtoto wa udongo. Mamajusi wanakuja na dhahabu, uvumba na manemane, na wakubwa wakifungua Mathayo sura ya pili wanakuta Biblia haijasema popote kwamba walikuwa watatu, imetaja zawadi tatu tu, kwahiyo kama una watoto watano na kila mmoja anataka mamajusi wake hamna tatizo lolote. Mtoto wa dada yangu mwaka jana alifinyanga mzinga wa nyuki akauweka nyuma ya wachungaji, nikamuuliza huu wa nini, akanijibu "Mama mdogo, na wao si wanakula asali." Mzinga ulibaki pale pale mpaka Januari.

Ubaya wake upo na ni mkubwa kiasi. Nyumba inachafuka, inataka karibu wiki nzima toka kuloweka mpaka kupaka rangi, na kwakuwa udongo haujachomwa paa likivuja juu yake sanamu zinalainika. Usiweke kwenye boksi lililokaa moja kwa moja sakafuni, mchwa wa Tabora tunawajua, weka tofali mbili chini ndo upange juu yake.

Nyota

Nyota na mkoa wetu zina undugu ambao wengi hawaujui. Ile nyota kubwa ya karatasi yenye ncha nyingi inayowekwa taa ndani ilianzia kwenye shule ya Wamoraviani, dhehebu la Kiprotestanti, mjini Niesky, Ujerumani, karne ya 19, ikiwa somo la hesabu za maumbo, na mpaka leo ile ya kawaida ina ncha 25, 17 za kitako cha pembe nne na 8 za kitako cha pembe tatu. Na Wamoraviani ndo hao hao walioingia Urambo mwaka 1898 wakaendelea mpaka Sikonge, na leo ni kanisa kubwa mkoani. Kuitengeneza kamili nyumbani inawezekana ila inataka manila ngumu, rula, vipimo visivyokosea hata milimita mbili, na mtu mzima mwenye jioni kadhaa. Kwa familia ya kawaida mi nasema acha.

Badala yake kuna mbili rahisi. Ya kwanza ni ya ncha tano, unaichora kwenye manila au boksi laini, unakata, alafu unakunja kila ncha kuelekea katikati mkunjo uchomoze juu, na kila kibonde kati ya ncha na ncha unakikunja kwa ndani. Inatuna yenyewe bila gundi. Mtoto wa darasa la pili anaiweza ukimkatia wewe.

Ya pili ni ile inayoitwa kwa jina la Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha chekechea, inatoka kwenye vipande vinne tu vya karatasi na mwisho inakuwa na ncha 16. Na Desemba ndo mwezi wake hasa kwasababu kalenda za mwaka unaoisha zinabanduliwa ukutani, na ile karatasi yake ngumu ya kung'aa ndo inayotakiwa. Kata vipande vinne vyenye upana wa sentimita 2 na urefu wa kama 55, kama kalenda yenu ni ndogo fanya upana wa sentimita 1 na urefu wa karatasi ya A4 unatosha. Kunja kila kimoja katikati, chonga miisho iwe kali ipenye, alafu vipitishe kimoja ndani ya kingine mpaka vijifunge mraba mdogo katikati, hapo mtoto aliyewahi kukaa na bibi yake akisuka ukili wa mkeka mkono wake unaelewa kabla hujamaliza kueleza. Baada ya hapo ni kukunja ncha za ubapa nane, alafu zile nane za kuchomoza ambazo unazungusha kipande na kukipenyeza chini ya mraba. Zile zinasumbua mara ya kwanza. Kwenye ncha unakuta imebaki tarehe 14, nyingine Julai nusu, na watoto wanazipenda hizo kuliko zilizotoka kwenye karatasi tupu.

Kwa hela nyota inashinda, kalenda ni ya bure na gundi haitumiki. Kwa uzuri pia inashinda, ukizitundika kumi kwenye uzi dirishani hamna pambo la dukani linalozifikia. Ila kwa maneno inashindwa vibaya mno. Watoto wakikunja nyota wananyamaza, wanahesabu mikunjo, na maneno yanayotoka ni ncha, mkunjo, pembe, pindua, ambayo ni ya hesabu zaidi kuliko Krismasi. Chini ya miaka tisa au kumi ile ya Fröbel inawaliza. Lakini kama una binti au kijana wa sekondari anayeona udongo ni mambo ya watoto, mpe hii, utamkuta bado anakunja saa nne usiku.

Shada la Majilio na mishumaa ya nta

Hili lina tofauti na mengine yote, linaanza mapema, wiki nne kabla ya Krismasi, kwenye kipindi cha kungojea kinachoitwa Majilio. Dominika ya kwanza ya Majilio inaangukia kati ya Novemba 27 na Desemba 3, kwahiyo ukilikumbuka tarehe 20 Desemba limeshakupita. Lilianzia kwa mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, mjini Hamburg mwaka 1839, aliyekuwa analea watoto maskini waliokuwa wanamuuliza kila siku Krismasi bado siku ngapi, akachukua gurudumu la mkokoteni akapanga mishumaa minne mikubwa ya Jumapili na midogo ya siku za kati. Siku hizi linabaki duara la majani mabichi na mishumaa minne. Wakatoliki wanatumia ya zambarau mitatu na wa waridi mmoja unaowashwa Dominika ya tatu, ile ya furaha.

Tabora hatuna sababu ya kununua mishumaa ya dukani kwa kazi hii. Mkoa unajulikana kwa asali, na palipo na asali pana nta, ulizia kwa wafugaji nyuki au wauza asali sokoni wale wanaokamua wenyewe. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzijoto kama 62 mpaka 64, kwahiyo kamwe usiiweke sufuria moja kwa moja juu ya moto, inashika moto. Iweke kwenye kopo refu, kopo likae ndani ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu, alafu unachovya uzi mnene wa pamba, unatoa, unasubiri ugande, unachovya tena, unarudia mpaka mshumaa unene. Kazi hii ni ya mtu mzima na mtoto mkubwa tu, wadogo wakae mbali na jiko. Unatoka rangi ya manjano na unanukia ule unukiaji wa mzinga, kwahiyo kwa rangi ya zambarau na waridi funga utepe chini yake, usijaribu kuchanganya rangi ndani ya nta. Duara lenyewe lifunge kwa kamba ya magome ya myombo kama unayo, ila gome litoke kwenye tawi lililokwishakatwa, usimvue mti ulio hai kwa ajili ya pambo.

Maneno yake ni machache ila ni mazito. Majilio, mkesha, Dominika, na yale manne ambayo familia nyingi zinayapa mishumaa, tumaini, amani, furaha na upendo. Uzuri ni kwamba yanarudi. Pango unalitengeneza wiki moja linakwisha, shada linawakusanya kila Jumapili jioni, mtoto wa zamu anawasha, anataja jina la mshumaa, mnaimba ubeti mmoja, mnazima. Nikipima kwa hilo nalipa nafasi ya pili baada ya pango, na kwa nyumba ambayo watoto wote ni wakubwa nalipa ya kwanza. Ila ni pambo la moto ndani ya nyumba, na majani yakishakauka wiki ya tatu yanawaka haraka, yabadilishe, liweke kwenye sinia la bati, na lisikae karibu na mapazia wala minyororo ya karatasi. Ukiwa na mtoto anayejifunza kutembea acha kabisa mwaka huu.

Minyororo ya karatasi

Fupi tu maana kila mtu anaijua. Kata vipande vya sentimita 3 kwa 20, kunja duara, gundisha, pitisha kingine. Gundi pika mwenyewe, vijiko viwili vya unga wa muhogo kwenye kikombe cha maji, koroga motoni mpaka iwe nzito na kung'aa, tia chumvi kidogo isiwahi kuharibika. Jua tu kwamba panya na mende wanaipenda gundi hii, na msimu huu wa unyevu inaota ukungu, kwahiyo paka nyembamba.

Inafaa kwa watoto wengi kwa wakati mmoja, miaka minne na kuendelea, na inafaa sana nyumba za kupanga za uani ambako watoto wa Kiislamu na wa Kikristo wanacheza pamoja kutwa, Tabora ndo tulivyo, wote wanakaa chini wanatengeneza na Idi ikifika mnatengeneza tena. Kwa maneno yenyewe haina kitu, lakini unaweza ukaipa, mwambie kila mtoto aandike neno moja ndani ya pete kabla ya kuigundisha, kengele, malaika, Bethlehemu, nyota, zawadi, mkesha, na wakati wa kutundika anayeshika pete hiyo asome au aseme lake.

Kadi

Kadi ya kwanza ya Krismasi ya kuuzwa ilichapishwa London mwaka 1843, Henry Cole ndo aliyeagiza kwasababu barua za kujibu zilikuwa zimemwelemea, na leo kila mtu anatuma picha za kwenye simu ambazo hamna anayezihifadhi. Kadi ya mkono inafaa kwa mtoto aliyeanza kuandika, darasa la kwanza mpaka la nne hivi. Chukua kiazi, kata katikati, chonga nyota au mshumaa ujitokeze, kausha kwa kitambaa, chovya kwenye rangi, gonga kwenye manila iliyokunjwa. Manjano yaliyokorogwa na maji kidogo yanatoa rangi nzuri, na kahawa nzito inatoa kahawia. Kiazi kibichi kilichochongwa hakikai zaidi ya siku moja, kinasinyaa na muhuri unapinda, kwahiyo chongeni na kugonga siku hiyo hiyo.

Nguvu ya kadi ni kwamba mtoto anaandika sentensi kamili na kwa mtu anayemjua. "Shikamoo babu, nakutakia heri ya Krismasi na mwaka mpya, mahindi yameota?" Hapo kuna herufi kubwa, mkato, salamu, na babu kule Nzega au Kaliua anaibandika ukutani. Kama mtoto wako anasoma shule ya Kiingereza na Kiswahili chake cha kuandika kinayumba, basi kwake kadi inazidi hata pango, nasema hivyo bila kusita.

Mti

Mti wa plastiki ukishaununua unakaa miaka, hilo nalikubali, ila hautengenezwi, unafunguliwa kwenye boksi, kwahiyo kwa kipimo changu hauna nafasi. Kukata mti mbichi sikushauri, misitu yetu ya miyombo tayari inakatwa vya kutosha kwa mkaa na kukaushia tumbaku. Chukua tawi kavu lenye vijitawi vingi, lipake chokaa, lisimamishe kwenye ndoo ya mchanga, na litakubeba zile nyota za kalenda vizuri kuliko mti wowote wa dukani.

Sasa uchague lipi

Kama una watoto mchanganyiko, mmoja wa miaka mitatu mwingine kumi na moja, na una wiki nzima, fanya pango, usifikirie mara mbili. Mdogo anakanda, wa kati anafinyanga kondoo, mkubwa anafanya nyuso na mikono. Kama ni wakubwa watupu, shada mapema Desemba na nyota za Fröbel baadaye. Kama wageni wanashuka na treni toka Kigoma, Mpanda na Mwanza na nyumba itajaa watoto ambao hata hawafahamiani, minyororo yenye maneno, maana inawaingiza wote bila kumuuliza mtu anajua nini. Kama una mtoto mmoja tu na yeye ndo anajifunza kuandika, kadi.

Kama huna hela kabisa, pango na nyota vyote ni bure, utatumia udongo, kalenda na mkasi. Kama una hela kidogo ya kutumia, usiipeleke kwenye taa za kumetameta, nunua nta.

Na kama unasoma hii ikiwa tayari tarehe 22 au 23 basi udongo hautakauka, usiuanze. Kata sanamu za pango kwenye boksi gumu, Yusufu, Mariamu, ng'ombe, punda, kila moja uiachie ulimi wa sentimita 3 chini unaokunjwa nyuma isimame, hori mfanye la nyasi kavu zilizofungwa uzi, mamajusi waanze safari yao kwenye kona ya kabati na watoto wawasogeze kidogo kila siku mpaka sikukuu ya Tokeo la Bwana mapema Januari, na kila wakisogezwa aliyewasogeza aseme wamebeba nini.